Muulize Fundi: Grenda imekata moto, waranti bado ina miezi saba

Mwezi huu barua karibu zote ni za mashine za chaji. Kwa anayesoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nilikaa miaka kumi na moja kaunta ya kituo kimoja cha huduma hapa Dar es Salaam, kazi yangu kupokea mashine zilizorudi, kabla sijafungua meza yangu mtaa wa Gerezani. Nimewaambia watu "hii haimo kwenye waranti" mara nyingi kuliko nilivyowaambia "karibu". Wengine walistahili jibu hilo. Si wote.

Shikamoo fundi. Mimi ni fundi alumini, niko Mbezi. Mwezi wa tano nilinunua Kariakoo grenda ya chaji, betri mbili na chaja, shilingi 520,000, waranti mwaka mmoja. Mwezi wa kumi ikaanza kuwaka na kuzima, ikatoa harufu, mwisho ikakata moto kabisa. Muuzaji akanielekeza kituo cha huduma, na huko nimepigwa danadana wiki sita. Jana wamenipigia simu: ni ovalodi, yaani niliibebesha mzigo kupita uwezo, waranti hailipi, nipeleke 185,000 watengeneze. Nina madirisha kumi na nne ya kumaliza na mteja ananipigia kila asubuhi. Nimeonewa?

Marahaba, mdogo wangu. Kama umeonewa au hujaonewa, jibu liko kwenye amecha, ule mhimili wenye koili za nyaya za shaba unaozunguka ndani ya mota, na kwa ulivyoandika hujaonyeshwa. Usilipe kwa maneno ya simu. Nenda, mwombe aliyeifungua mashine akutolee amecha aiweke mezani, uishike mwenyewe.

Itazame hivi. Amecha iliyouawa na mzigo huwa imeungua mwili mzima. Nyaya zote zimegeuka rangi ya buni iliyokaangwa ikasahaulika jikoni, vanishi imevimba au imepasuka, na harufu yake utarudi nayo nyumbani. Mashine ilibanwa, umeme mwingi ukapita kwenye koili zote, zote zikapikika pamoja. Ukiikuta hivyo, wamesema kweli, na kilichobaki ni kuzungumzia bei. Lakini ukikuta nyaya bado zina wekundu wake wa shaba, ila koili mbili tatu za upande mmoja ndizo nyeusi, hapo ovalodi itatoka wapi? Mzigo hauchagui koili. Hiyo ni shoti ya ndani, na kwa mashine ya miezi mitano una haki ya kudai kwamba ilitoka nayo kiwandani.

Ipo hali ya tatu, na kwako wewe ndiyo inayonitia wasiwasi. Unakata alumini. Chenga zake ni nyepesi, feni ya grenda inazivuta ndani kupitia matundu ya hewa, na alumini inapitisha umeme. Zikijaa kwenye komyuteta, ule mkanda wa vipande vya shaba mwishoni mwa amecha, zinaunganisha vipande ambavyo havitakiwi kukutana, na shoti inayotokea inafanana mno na kosa la kiwandani. Kwa hiyo omba pia ganda la mashine, uligonge taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ukidondoka unga wa fedha, ujue nao wameshauona, na ubishi wako utakuwa mgumu. Toka sasa, kila jioni mashine ipulizwe matunduni kwa hewa ya kompresa, kwa mbali, huku inazunguka bila kazi, na wewe umevaa miwani.

Kwa nini nasisitiza uishike mwenyewe? Mwaka wangu wa pili kaunta, mzee mmoja wa Temeke alileta msumeno wa chaji. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na nusu, macho yangu yako kwenye saa ya ukutani. Nikaunusa, nikaandika "ovalodi", mzee akalipa bila kusema neno. Jumatatu fundi wa benchi alipotoa amecha ili aweke mpya, koili mbili nyeusi, nyingine zote zinang'aa kama hereni. Nikaenda kwa bosi nikamwambia mzee arudishiwe pesa yake. Akasema fomu imeshafungwa. Namba ya simu ya mzee ilikuwa hapo kwenye jobu kadi, ile fomu ya kupokelea mashine, mbele ya macho yangu, na sikupiga.

Turudi kwako. Ukiona koili chache tu ndizo zimeungua, usipandishe sauti. Omba wakuandikie kwenye karatasi yenye nembo yao: kimeharibika nini, kimeharibiwa na nini, na nani aliyeamua, na saini yake. Nimeshuhudia "ovalodi" ikigeuka "tutakubadilishia" kwa sababu tu fundi aliambiwa atie saini chini ya neno hilo. Wakikuandikia, piga picha amecha na hiyo karatasi, kisha rudi kwa aliyekuuzia. Watu wengi wanasahau kwamba pesa walimpa mwenye duka, hawakukipa kituo cha huduma. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ya mfanyabiashara iwe ya ubora wa kuuzika, na kama ulimweleza unaitaka kwa kazi gani ukategemea ujuzi wake, iifae kazi hiyo. Ulimwambia unakatia alumini kutwa? Kama ulimwambia na yeye akakupa ya kazi za nyumbani, hapo una hoja nzito. Zipo kampuni zinazotengeneza aina mbili: Bosch, kwa mfano, za kijani ni za mtu wa nyumbani na za bluu ni za fundi. Na kadi nyingi za waranti za mashine za nyumbani zina mstari mdogo unaosema matumizi ya kibiashara hayamo. Soma yako leo, nyuma, kwenye maandishi ya saizi ya sisimizi.

Na kama ni ovalodi kweli, hiyo 185,000 usiitoe nzima nzima kabla hujaambiwa ni ya nini. Amecha bei gani, beringi bei gani, ufundi bei gani. Halafu ulizia dukani bei ya grenda tupu, bila betri wala chaja, maana hivyo viwili unavyo na ni vizima. Kampuni nyingi huuza mwili peke yake, na mara nyingine tofauti kati ya kutengeneza na kununua mwili mpya wenye waranti mpya ni nauli tu ya kwenda na kurudi Mbezi. Ukitengeneza, dai vipuri vya zamani urudi navyo. Umevilipia.

Kwa madirisha kumi na nne, azima grenda ya waya kwa mwenzako. Mteja haulizi dirisha lilikatwa na umeme wa ukutani au wa betri.

Wiki sita nazo nizisemee kidogo, kwa faida ya wengine ambao bado hawajapeleka. Mashine ikifika kaunta, mpokeaji anaamua mengi kabla hajaifungua. Alikuja kijana mmoja na drili, anaapa kwa jina la mama yake kwamba anatobolea mbao tu. Kwenye chaki, kile kichwa kinachoshika biti, pale meno yanapokutana, palikuwa na tone la rangi nyeupe ya maji, limekauka, na jingine limeingia kwenye tundu la hewa. Alikuwa anakorogea rangi ndoo ya lita ishirini. Sikuhitaji bisibisi. Kwa hiyo ifute mashine yako kabla hujaipeleka, si kwa ajili ya kudanganya, ila mashine chafu hupokelewa na mtu aliyekwisha kununa. Skrubu usiziguse. Stika iliyochanika au kichwa cha skrubu kilicholika kinatosha kukufungia mlango.

Ukiulizwa tatizo, usimpe mpokeaji jina la ugonjwa. Watu walikuwa wanakuja wananiambia "amecha imekufa", naandika "mteja anasema amecha", fundi wa benchi anapima amecha, anaikuta nzima, mashine inarudishwa na swichi yake mbovu. Mwambie ulichokiona: "Betri imejaa, nikibonyeza inazunguka sekunde tatu inazima. Nimeweka betri ya pili, vilevile. Ilianza wiki iliyopita, nikiwa nakata, haikuanguka." Hilo jaribio la betri ya pili lifanye nyumbani, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Peleka mashine na betri zote na chaja, kwani ugonjwa unaweza kuwa kwenye chochote kati ya hivyo, lakini diski, biti na boksi lenye vikorokoro vyako viache nyumbani. Namba ya utambulisho (serial) ya mashine, na ya kila betri, iandikwe kwenye jobu kadi ukiwa unaangalia. Na tarehe ya kupigiwa simu iandikwe pia. "Tutakujulisha" si tarehe.

Habari za kazi, fundi. Nina karakana ndogo ya samani Mwanza. Nilipokwenda Bukoba kwa mama kujifungua, betri zangu mbili za drili zilikaa miezi minne bila kuguswa. Nimerudi, chaja inawasha nyekundu na kijani kwa kupokezana, haichaji hata moja. Duka linasema waranti ya betri ni miezi sita na imepita wiki mbili. Jirani yangu fundi simu anasema ataziamsha kwa elfu kumi. Nimpe?

Hongera kwa mtoto, dada. Usimpe.

Ndani ya betri yako ya volti 18 mna seli zilizofungwa tanotano, kila moja ni volti 3.6, piga hesabu utaipata hiyo 18. Kama ni betri nene ya uwezo mkubwa basi zimo kumi, mistari miwili. Nadhani ulizihifadhi zikiwa tupu, kama tunavyofanya wote: kazi imekwisha, betri imekwisha, tupa kabatini. Lakini betri ikikaa inaendelea kupungua polepole, na kibao chake cha ndani, kile cha saketi kinachoilinda, nacho kinanyonya kidogo kidogo. Seli ikishuka mbali chini ya volti 2.5 na kubaki huko, shaba ya ndani inaweza kuanza kuyeyuka na kwenda isikotakiwa. Chaja inalijua hilo, ndiyo maana imekataa. Kama chaja yako ni Makita, hizo taa zinazopokezana ndiyo namna yake ya kusema betri hii siichaji. Nyekundu ikipepesa peke yake maana yake betri ni ya moto, isubiri ipoe.

Huko "kuamsha" ni kuiunganisha betri iliyokufa na iliyo hai kwa nyaya mbili mpaka volti zipande, ili chaja idanganyike. Mara nyingine inawaka kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu sasa unachaji usiku kucha, katika karakana yenye maranda ya mbao, kitu ambacho mlinzi wake amepitwa. Seli yenye shoti ya ndani ikishika moto hupulizi ukazimika.

Waranti: wiki mbili ni kidogo, na wewe una sababu ya kibinadamu. Nenda na kadi ya waranti yenyewe, usitegemee kauli ya kijana wa dukani, maana nimeona kadi ambazo mashine ina mwaka na betri ina miezi sita, na nyingine ambazo vyote vina mwaka. Nenda na betri zote mbili na chaja. Waombe wapime kwa mita mbele yako. Ukweli usiufiche, ila useme kwa mpangilio: zilikuwa zinafanya kazi tarehe fulani, zikakaa, sasa hazichaji. Betri moja ikikutwa volti zake zimeshuka lakini hazijafika shimoni, baadhi ya vituo vina chaja ya kuipandisha taratibu kwa usalama, na hiyo hawatakutoza sana. Ikishindikana kabisa, omba punguzo la betri mpya. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kutoa punguzo na sikuwahi kumpa mtu ambaye hakuomba.

Mpya ukizipata, ukisafiri ziache na taa mbili kati ya nne za kuonyesha chaji, umezitoa kwenye mashine, mahali pa baridi. Juu ya kabati chini ya bati la Mwanza si mahali pa baridi.

Fundi, shemeji yangu anaishi Texas, amekuja likizo akaniletea drili nzuri sana ya 20V. Nimechomeka chaja hapa Morogoro kwa adapta, ikatoa moshi. Boksi limeandikwa waranti miaka mitatu. Nifanyeje?

Geuza chaja usome chini. Utakuta 120V. Umeme wa Marekani ni huo, wetu ni 230V, na adapta ile inabadilisha umbo la pini tu. Hakuna waranti duniani itakayolipa hilo, na hata ingekuwa kosa lao, waranti nyingi huishia kwenye nchi mashine iliponunuliwa.

Habari njema ni kwamba drili yako huenda haijaguswa. Nunua chaja ya 230V ya kampuni ileile. Hiyo 20V isikuchanganye: ni seli tano zilezile, kwa Marekani wanaandika volti zikiwa zimejaa pomoni, kwingine wanaandika 18. Betri ya DeWalt ya 20V Max ya Marekani inaingia kwenye mashine ya DeWalt ya 18V XR ya Ulaya bila ugomvi. Ndugu wa Uingereza akikuletea, chaja yake ni 230V na pini zake tatu bapa ni kama zetu, chomeka. Na mwambie shemeji betri za akiba azibebe mkononi ndani ya ndege, haziruhusiwi kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100 kwa betri: zidisha volti kwa namba ya Ah iliyoandikwa juu ya betri, 18 mara 5 ni 90, inapita, ya Ah 6 ni 108, hiyo aombe ruhusa ya shirika la ndege kwanza.

Hujambo fundi, nakuandikia kutoka Mombasa. Drili niliyonunua miezi minane iliyopita kwa shilingi 14,500 imevunjika gia. Risiti nimeitunza vizuri kwenye pochi lakini imefutika yote, karatasi nyeupe pe! Mwenye duka asema bila risiti hana habari nami. Nililipa kwa M-Pesa.

Sijambo, kaka. Umeitunza pale pale panapoiua. Karatasi ile ya mashine haina wino, inaandikwa kwa joto, na pochi iliyokaa mfuko wa nyuma katika jua la Mombasa inaipiga pasi kila siku. Siku ya kununua, piga picha risiti kabla hujatoka dukani.

Sasa toa taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule. Ina tarehe, kiasi, na jina la biashara iliyopokea. Iweke pamoja na kadi ya waranti yenye namba ya utambulisho ya drili, na umwambie mwenye duka atazame kumbukumbu za mashine yake ya risiti siku hiyo. Mara nyingi huishia hapo. Akikaza shingo, mwandikie barua ya upole yenye tarehe ya mwisho, siku kumi na nne zatosha, ubaki na nakala. Baada ya hapo nyinyi Wakenya mna kitu ambacho huku natamani tungekuwa nacho: Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Kwa drili ya 14,500 pengine hutafika huko. Ila itaje kwenye barua.

Gia yenyewe iangalie: meno yakiwa yamekatika safi na grisi bado ipo, dai. Gia zikiwa kavu, zimelika kama meno ya mzee, utaambiwa ni uchakavu, na mimi ningekuambia hivyo hivyo.

Fundi, nimepata drili ya 88V kwa 75,000 tu! Hawa wa 18V wanaouza laki nne wanatuibia? Na waranti yake naidai wapi?

Ili ufike volti 88 kwa seli za 3.6 unahitaji seli kama ishirini na nne. Kila moja ina gramu arobaini na tano hivi, kwa hiyo betri peke yake, bila plastiki, ipite kilo moja. Ya kwako ipeleke dukani kwa Mangi, aiweke kwenye mizani ya sukari.

Waranti yake ulishaipata: ni pale muuzaji alipoiwasha mbele yako ikazunguka.